Mama mudogo hakukuwa mvivu: historia ya tezi ya shingo, misuli yetu na sahani ya muhogo

Wengi wenu mnanijua kama mtu wa udongo na mbegu. Leo nitatoka kidogo mu shamba, niongee juu ya misuli ya mwili na juu ya tezi moja ndogo yenye iko mu shingo. Muvumilie tu, juu tutarudi mu shamba kabla ya kumaliza.

Kijijini kwetu, upande wa Kalehe, mama mudogo wangu alikuwa mwanamke wa nguvu. Alikuwa anashuka ku soko ya ziwa asubuhi na kitunga ya muhogo mu mgongo, mukanda ku paji la uso, na saa sita amekwisha kurudi. Kisha, mwaka kwa mwaka, akaanza kuchelewa. Kwanza watu walidhani ni uzee, lakini hakuwa amefika hata miaka 40. Akipanda mlima alikuwa anasimama mara tatu, mara ine. Akitaka kuinuka ku kiti kidogo cha jikoni, alikuwa anasukuma magoti yake na mikono yote miwili. Usiku mapaja yalikuwa yanamkaza mpaka analia. Mchana, jua kali, yeye anajifunika vikwembe viwili juu ya baridi.

Ku familia ya bwana yake walimpa jina: Polepole. Walisema, "Huyu bibi anakula tu, kazi hapana." Wengine wakasema wamempa karuho. Sura yake ilivimba, sauti ikakuwa nzito kama ya mwanaume, na shingoni kulikuwa uvimbe ambao kila mtu aliuona lakini hakuna aliyeuuliza, juu kwetu shingo ya namna ile si kitu cha kushangaza. Bazee walikuwa nayo, bamama walikuwa nayo.

Nilikuwa G3 wakati nilimsindikiza ku kituo cha afya. Tulipata docta kijana, stagiaire, pengine umri wangu. Alimsikiliza, halafu akamwambia apige magoti juu ya kiti, miguu ining'inie nyuma. Akachukua nyundo ndogo ya mpira akampiga ku mshipa mkubwa wa kisigino. Mguu ukaruka kama kawaida. Lakini kurudi! Ulirudi polepole, kama mlango mzito unaofungwa na mtu asiyetaka kuamsha watoto. Docta alipiga tena ili nione. Halafu akamwambia, "Mama, hii si uvivu. Hii ni tiroidi." Damu ilipelekwa labo ya mjini, matokeo yakarudi: homoni za tezi zilikuwa chini sana, na TSH, ile homoni ya ubongo yenye kuamuru tezi ifanye kazi, ilikuwa juu sana. Alianza vidonge. Ilichukua miezi, si wiki, lakini alianza tena kupanda ule mlima.

Mimi nilibaki na maswali mawili. La kwanza: binadamu walijua namna gani kwamba kisigino kinaweza kuongea habari ya shingo? La pili linatuhusu sisi watu wa kilimo: juu ya nini milima yetu ilikuwa na shingo nyingi za namna ile? Nimesoma miaka kadhaa kutafuta majibu, na leo nawaletea kile nilichokusanya.

Wagonjwa wa Kocher

Mnamo 1873, mjini London, docta mmoja jina lake William Gull alieleza wanawake wachache wenye umri mkubwa ambao walikuwa wamebadilika: sura imevimba, ulimi umekuwa mnene, mwili na akili vimepunguza mwendo. Mwaka 1878 mwenzake William Ord aliupa ugonjwa ule jina la miksidema, maana aliona ngozi yao imejaa kitu kama ute. Lakini chanzo hakikujulikana. Tezi ya tiroidi yenyewe, watu wengi wa sayansi hawakujua ina kazi gani.

Jibu lilikuja kwa njia ya makosa, na makosa yenyewe yalifanywa na mtu hodari sana. Theodor Kocher alikuwa mpasuaji wa Bern, Uswisi. Uswisi ni nchi ya milima, mbali na bahari, na wakati ule ilijaa watu wenye rovu, ni kusema goitre. Kocher alikuwa fundi wa kuondoa rovu. Mbele yake wagonjwa wengi walikuwa wanakufa mezani kwa damu kutoka ao kwa maambukizo. Yeye alifanya upasuaji safi, bila haraka, na watu wakapona. Alikuwa anaondoa tezi yote, hakuachi kitu.

Mu 1874 alimpasua msichana mmoja wa miaka 11. Baadaye docta aliyemtuma yule mtoto alimwandikia Kocher kwamba msichana amebadilika, amekuwa mzito na mpole kupita kiasi. Mwanzoni halikuonekana jambo kubwa. Lakini Jacques-Louis Reverdin wa Geneva naye aliona mambo kama yale ku wagonjwa wake, akayasema mu 1882. Kocher akaamua kuwaita tena watu wake wa zamani. Kati ya 18 walioondolewa tezi yote ambao aliweza kuwapima upya, 16 walikuwa wameharibika. Yule msichana alikuwa amebaki mfupi, uso umevimba, wakati dada yake alikuwa amekua vizuri.

Sasa musikilize jambo linalotuhusu. Kocher alipoandika taarifa yake ya 1883, malalamiko ya kwanza aliyoyataja yalikuwa ya misuli: wagonjwa walichoka, viungo vilikuwa dhaifu na vizito. Kabla ya ngozi kukauka, kabla ya uso kuvimba, mikono na miguu ilikuwa tayari inasema. Ni yale yale mama mudogo alikuwa anasema jikoni, na hakuna aliyemwamini.

Kocher hakuficha makosa yake. Aliyaandika, akaacha kuondoa tezi nzima mahali ambapo haikulazimu, na kazi yake juu ya tiroidi ilimletea Tuzo ya Nobel mu 1909. Kwangu mimi hii ni somo kwa kila mwenye licence: aliwaita tena watu ambao angeweza kuwahesabu kama "wamepona", akawapima.

Mu 1891, George Murray wa Newcastle alichukua tezi za kondoo, akatengeneza maji ya dawa, akayadunga mwanamke mmoja wa miaka 46 mwenye miksidema. Mwanamke yule alirudi mu uzima, akaendelea kuishi miaka 28 mingine kwa kutumia dawa ile. Walihesabu kwamba kondoo zaidi ya 870 walitoa tezi kwa ajili yake. Kisha mu 1895 Eugen Baumann, kemia wa Ujerumani, alikuta iodi ndani ya tezi. Siku ya Noeli 1914, Edward Kendall wa Marekani alipata homoni yenyewe, tiroksini, ikiwa safi. Charles Harington wa Uingereza alionyesha muundo wake mu 1926. Kidonge cha mama mudogo kinatoka mu mstari huo wote.

Nyundo ya kisigino

Wakati wengine walikuwa wanatafuta homoni, wachache walikuwa wanaangalia misuli yenyewe. Mu 1897 Johann Hoffmann, docta wa Ujerumani, alieleza mtu mzima ambaye baada ya kuondolewa tezi alipata misuli migumu: akikaza, kulegeza kunachelewa. Mpaka leo hali hiyo inaitwa kwa jina lake. Ku watoto ni ajabu zaidi. Kocher mu 1892, kisha Wafaransa Robert Debré na Georges Semelaigne mu 1935, walieleza watoto wenye tezi dhaifu ambao misuli yao ilinenepa mpaka wanaonekana kama wanamichezo. Ukimwona mtoto wa vile unasema huyu ana nguvu. Kumbe hana.

Mu 1924 Mmarekani William Chaney aliandika juu ya ile alama ya kisigino: ku mgonjwa wa miksidema, msuli unajibu nyundo, lakini kulegea kunachelewa. Wakati vipimo vya homoni mu damu havikuwa bado, madocta walitengeneza hata vifaa vya kupima muda wa kisigino. Leo tuna TSH, kwa hiyo vifaa vile vimesahaulika, lakini nyundo haihitaji umeme wala réactif. Njo maana yule stagiaire aliweza kushuku ugonjwa kabla labo haijajibu.

Inakuwaje ndani? Nitaeleza kwa mfano wa mpunga, juu wengi wetu tulifanya stage mu bonde la Ruzizi. Maji yakifunguliwa, yanaingia mu kipande cha shamba kwa haraka, juu yanateremka yenyewe. Lakini kama shamba ni la chini na unataka kuyatoa, unahitaji pompe. Msuli uko vile vile. Ndani ya kila uzi wa msuli kuna ghala la kalsiamu. Amri ikifika, ghala linafunguka, kalsiamu inamwagika, msuli unakaza. Ili ulegee, lazima pompe zirudishe kalsiamu mu ghala. Homoni ya tiroidi njo inaamuru msuli utengeneze pompe ngapi. Homoni ikipunguka, pompe zinapunguka. Kukaza kunafanyika, kulegeza kunakawia. Hapo utaelewa ule mlango mzito, na utaelewa mapaja yanayokaza usiku.

Si hayo tu. Misuli yetu ina nyuzi za aina mbili kubwa: za haraka, tunaweza kusema pikipiki, na za polepole zenye kuvumilia, tuseme chukudu. Bila homoni ya kutosha, zile za haraka zinakonda na zingine zinageuka kuwa za polepole. Mitokondria, ni kusema mahali ambapo chakula kinageuka nguvu, zinapunguka. Sukari iliyowekwa akiba mu msuli haifunguki vizuri wakati wa kazi. Maji na vitu kama ute vinajaa kati ya nyuzi, kwa hiyo msuli unaweza kunenepa na bado ukawa dhaifu. Wale watoto wa Debré na Semelaigne njo maana walidanganya macho. Ukuta wa nyuzi unavuja, na enzimu ya msuli inayoitwa kreatini kinase inapanda mu damu. Misuli inayoumia zaidi ni ya mapaja na mabega, ile ya kupanda mlima, kuinuka ku kiti na kuinua jembe.

Angalieni vizuri orodha hiyo. Kupanda, kuinuka, kulima. Ni kazi zote ambazo ku kijiji tunazitumia kupima kama mwanamke ni mfanyakazi ao ni mvivu.

Lwiro na kisiwa cha Idjwi

Sasa turudi kwetu. Neno "crétin", ambalo ku école tulikuwa tunalitumia kutukanana mu kifaransa, lilizaliwa mu milima ya Alpes. Lilikuwa jina la watu waliozaliwa bila iodi ya kutosha, wakabaki wafupi na wazito wa akili. Maana yake ni kwamba Wazungu nao walikuwa na vijiji vizima vya ugonjwa huu, na walipokuja Afrika walikuwa wanaijua rovu. Lakini ukisoma maandishi ya wakati wa koloni, utakuta neno "paresseux" limetumiwa juu ya wafanyakazi weusi mara nyingi sana. Siwezi kusema kila aliyeitwa vile alikuwa na tezi dhaifu, hapana. Nasema tu kwamba mu maeneo ambako shingo zilikuwa zimevimba namna ile, mtu makini angeanza na swali la afya kabla ya kutoa hukumu ya tabia.

Mu 1947 Wabelgiji walianzisha IRSAC, taasisi ya utafiti wa kisayansi, na makao yake yakakuwa Lwiro, kaskazini ya Bukavu. Leo ni CRSN, na wengi mumeshafika pale. Kazi kubwa ya kwanza ya kisasa juu ya rovu mu Kongo ilifanyika Uele, kaskazini-mashariki, mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Pale waliona jambo moja muhimu: tofauti na sehemu zingine za dunia, watoto walioathirika Kongo walikuwa hasa wa aina ya miksidema, ni kusema tezi yenyewe imechoka kabisa, na mwili wote, misuli ikiwamo, unaishi bila homoni.

Kisha, kuanzia katikati ya miaka ya 1960, kikundi cha Chuo Kikuu Huria cha Brussels, ndani yake François Delange, André Ermans na Claude Thilly, kilienda kisiwa cha Idjwi mu ziwa Kivu. Haikuwa wakati wa amani. Mu 1967 mamluki walishika Bukavu. Lakini kisiwa kiliwapa kitu ambacho mtafiti anakitafuta maisha yote, ni kusema mahali pa kulinganisha.

Kaskazini ya Idjwi, karibu nusu ya watu ao zaidi walikuwa na rovu. Kusini-magharibi ya kisiwa kile kile, wachache tu, karibu 5 kwa 100. Wakapima iodi mu mkojo wakitazamia kukuta wa kaskazini hawana na wa kusini wanayo. Hapana. Pande zote mbili zilikuwa maskini wa iodi karibu sawa. Kwa hiyo ukosefu wa iodi ulikuwa lazima uweko, lakini peke yake haukutosha kueleza shingo. Kulikuwa kitu kingine, na kile kitu kilikuwa mu sahani.

Muhogo mu mashitaka

Hapa agronome lazima akae vizuri. Muhogo una linamarini. Ukikata ao ukisaga, linamarini inavunjika na kutoa sianidi, sumu ambayo mmea unaitumia kujilinda. Mwili wetu unajua kupambana nayo: unaigeuza kuwa tiosianati, ambayo sumu yake ni ndogo sana. Lakini tiosianati ina umbo linalodanganya tezi. Inasimama mlangoni ambapo iodi inapita, inaizuia kuingia. Mtu mwenye iodi nyingi hataona shida. Mtu ambaye iodi yake ni kidogo anapoteza hata ile kidogo.

Watu wa Idjwi kaskazini walikuwa na tiosianati nyingi zaidi. Watafiti waliwapa watu muhogo wa kisiwa wakapima, kwa kutumia iodi ya redio, namna tezi inavyoshika iodi: ilishuka. Delange na Ermans waliandika matokeo mu 1971. Kazi ikaendelea Ubangi mu miaka ya 1970, na mu 1980 kikatoka kitabu kizima juu ya muhogo na tezi kwa msaada wa IDRC ya Canada. Dunia yote inayosoma juu ya muhogo leo inasoma juu ya Kivu na Ubangi.

Nina neno hapa, na nalisema kwa heshima. Majina ya watafiti yamebaki juu ya makala. Watu wa Idjwi waliokula ule muhogo wa jaribio, waliotoa mkojo na damu, wamebaki hesabu mu jedwali. Wauguzi na watafsiri wa kwetu vilevile. Ukipita Idjwi leo na ukute mzee mwenye kovu ya sindano ya zamani, kumbuka kwamba mwili wake umo mu vitabu tunavyosoma ku faculté.

Na kuna jambo lingine ambalo liliniuma kama mtu wa shamba. Sisi tumefundishwa kusoma jani. Azoti ikikosa, jani linakuwa njano. Potasiamu ikikosa, ukingo unaungua. Lakini iodi? Mmea hauihitaji ili ukue. Udongo wa milima yetu, uliosafishwa na mvua miaka maelfu na ulio mbali na bahari, unaweza kukosa iodi, na muhogo ukasimama kijani, mrefu, na mizizi minene. Shamba halitakuambia kitu. Alama haitaonekana ku jani, itaonekana ku mapaja ya mama anayekula ule muhogo. Kwa miaka mingi tulikuwa tunasifu mavuno na kulaumu mvunaji.

Mafuta, chunvi, na onyo la seleni

Dawa ya kwanza ya watu wengi ilikuwa mafuta yenye iodi. Sindano moja mu msuli, ndiyo, mu msuli ule ule, iliweka akiba ya iodi ya miaka kadhaa. Walitumia hayo Idjwi na Ubangi. Ubangi, Thilly na wenzake waliwadunga bamama wenye mimba, na watoto waliozaliwa walikuwa na uzito mzuri zaidi na walikufa wachache zaidi.

Lakini sindano haiwezi kufuata kila mtu ku kila mlima. Uswisi ilianza chunvi yenye iodi mu 1922. Marekani, David Marine na Oliver Kimball walikuwa wameshaonyesha kuanzia 1917, ku wasichana wa shule za Akron, kwamba iodi kidogo inazuia rovu. Kwa nchi kama yetu, msukumo mkubwa ulikuja baada ya mkutano wa dunia juu ya watoto wa 1990, ambao ulitaka tatizo la iodi liishe kufika 2000. Mu miaka ile ya 1990, chunvi yenye iodi ilienea Kongo, na hata wakati wa vita chunvi iliendelea kuvuka mipaka ndani ya magunia ya wafanyabiashara. Kwa maoni yangu, mama wa soko aliyeuza chunvi ile kwa kikombe amefanya kazi ya afya kuliko wengi wetu wenye diplome.

Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za iodi kwa siku; mama mwenye mimba 250. Ukifanya hesabu, maisha ya miaka 70 yanahitaji chini ya gramu 4. Kijiko kidogo kimoja cha chai, kwa maisha yote. Kwa kitu kidogo vile watu wamebeba majina ya matusi.

Somo la mwisho la historia ni la kutuonya. Karibu 1990, watafiti waligundua kwamba kaskazini ya Zaïre na Kivu zilikosa pia seleni. Seleni inahitajika kutengeneza enzimu zinazogeuza homoni ya tezi kuwa aina yenye nguvu ambayo msuli unatumia. Wakafikiri: tuwape seleni. Mu 1991 Contempré na wenzake walitoa matokeo: ku watu wenye tezi dhaifu, seleni bila iodi ilishusha homoni zaidi. Msaada mzuri, uliotolewa kwa mpangilio mbaya, uliwaongezea mzigo. Sisi wa mbolea tunaijua hiyo. Ukijaza kirutubisho kimoja wakati kingine njo kinakosa, unaweza kuharibu shamba.

Kile kinachobaki

Nisiseme uongo: si kila tezi dhaifu inatoka ku muhogo ao ku udongo. Kuna ugonjwa ambao mwili unashambulia tezi yake mwenyewe. Mjapani Hakaru Hashimoto aliueleza mu 1912, na unakuta hata watu wanaokula samaki ya bahari kila siku. Kwa mama mudogo, hakuna aliyetuambia kwa uhakika ni njia gani. Kwa hiyo mtu asikimbie kununua vidonge ku famasi juu amesoma maneno yangu. Kidonge kikizidi, moyo unapiga vibaya, na misuli yenyewe inakonda. Docta kwanza, damu kwanza.

Lakini kuna mambo ambayo sisi wenyewe tunaweza. Muhogo mchungu uloweshwe siku za kutosha, usikatwe muda juu ya bei ya soko imepanda. Maji yale njo yanaondoa sumu. Sombe itwangwe vizuri na ichemshwe. Chunvi iwekwe mahali pakavu na kifuniko, na itiwe mu chakula karibu na mwisho wa kupika, juu iodi inapotea kwa unyevu na moto. Na wale wetu wanaochagua aina za muhogo ku vituo vya utafiti, tusiangalie tani kwa hektari peke yake.

Mama mudogo bado anameza kidonge chake kila asubuhi kabla ya chai. Mwaka uliopita nilimkuta shambani anang'oa muhogo, mimi nikabeba kitunga, nikachoka kabla yake. Alicheka akaniambia, "Mutoto yangu, leo njo wewe Polepole." Watu wa familia ile walikuwa pale, wakacheka naye. Hakuna aliyemwomba msamaha, na yeye hakudai. Lakini jina lile hakuna anayemwita tena.

Ku kijiji chako labda kuna mtu anaitwa jina kama lile. Usianze na swali la tabia yake. Muulize kama anasikia baridi, kama mapaja yanamkaza usiku, kama kuinuka ku kiti kunamshinda. Angalia shingo yake. Kisha umsindikize ku kituo cha afya.